Ndoo ya Kwanza na Gari la Chini ya Ziwa

Theonest Niragira hasikii kwa sikio la kushoto. La kulia, kwa maelezo ya mkewe, linasikia anapotaka yeye. Ana miaka arobaini na moja, mabega mapana, na meno mawili ya mbele yaliyolika upande mmoja kama ya mtu anayemenya miwa kila siku. Hamenyi miwa. Meno hayo yameliwa na kamba ya katani.

Kijiji chake, Rukindo, kilianzishwa mwaka 1974 wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini, kwenye mteremko ulio kusini mwa Ziwa Burigi, wilaya ya Biharamulo. Mwaka uliofuata kilipata pampu. Injini ya dizeli ilijengewa kibanda ufukoni, na kutoka kibandani bomba la chuma likalazwa chini ya ziwa kwa karibu mita hamsini, hadi mahali ambapo kina ni urefu wa watu watatu. Mwisho wa bomba kuna chujio, mkebe wa bati nene wenye matundu, mkubwa kama sufuria ya harusi. Kila baada ya wiki tatu hivi chujio huziba kwa magugu na konokono, na siku hiyo injini hunguruma bure. Mtu lazima ashuke akalisafishe.

Mtu huyo alikuwa Theonest. Alizaliwa Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara, na ujana wake aliumalizia kwenye kivuko cha Mto Ruvuvu, akivuta kamba ya chombo na kuzamia vitu vilivyoanguka: baiskeli, magunia ya kahawa, mara moja cherehani ya fundi nguo aliyekuwa akilia ukingoni kama amefiwa. Alimwoa Zita, binti wa kijiji cha Nyamahanga, wilayani Biharamulo, na ndiyo sababu Operesheni ilimkuta Biharamulo badala ya Ngara. Rukindo hapakuwa na mwingine aliyeweza kukaa chini ya maji akahesabu hadi hamsini.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Vijana wawili walikaa kwenye mtumbwi na kuyapiga maji kwa makasia, mfululizo, ili mamba wasisogee. Theonest alishika jiwe, akajifunga kamba kiunoni, akashuka na burashi ya waya. Mara sita, mara saba. Alipomaliza, injini iliwashwa, na maji yakapanda hadi bomba la kijiji mbele ya zahanati, ambako akina mama walikuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri.

Siku ya kwanza kabisa, mwaka 1975, mshika ufunguo wa bomba, Deodata, mjane asiye na mchezo, alikinga ndoo ya kwanza, akaitwika kichwani na kuipeleka moja kwa moja nyumbani kwa Theonest kabla hajamruhusu mtu mwingine kukinga. Hakutumwa na yeyote. Mara ya pili alifanya vilevile. Mara ya tatu ikawa desturi: ndoo ya kwanza ni ya mtu aliyefungua mdomo wa bomba. Haikuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano wowote, na hakuna aliyethubutu kuivunja.

Ikumbukwe kwamba maji yenyewe hayakuwa na thamani. Yanayotangulia kutoka hubeba kutu yote iliyolala bombani, ni mekundu kama maji ya kuoshea jembe. Zita hakuyapikia hata siku moja. Aliyamwagia nyanya. Lakini ndoo ilipita katikati ya kijiji, ikapita ofisi, ikapita foleni nzima, na akina mama walisogea pembeni kuipisha. Theonest alikuwa akiisubiri mlangoni, nywele bado zimelowa, akijifanya anashona kikapu.

“Hajui kushona kikapu,” anasema Zita. “Kikapu kile kilikaa miaka miwili bila kitako.”

Mwaka 1977 Celestini Bulugu alirudi kutoka Mwanza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa pekee wa Clotilda, ambaye nyumba yake ipo hatua sitini kupita kwa Theonest. Alikuwa amesomea ufundi wa mashine miaka miwili, na kijiji kikamkabidhi injini. Wiki ya kwanza aliifungua yote, akaifunga, na haikubaki hata nati moja. Wiki ya pili alimwona Theonest akitoka ziwani akiwa ameinamisha kichwa upande, na usaha ukitiririka sikioni hadi shingoni.

Mwezi Agosti alisimama mbele ya kamati ya kijiji akiwa na karatasi. Alikuwa amechora kitu ambacho hakuna mjumbe aliyewahi kukiona: fremu ya chuma, urefu wa mita moja na nusu, yenye magurudumu manne ya toroli yaliyolikumbatia bomba kwa pande mbili. Mbele yake burashi ya waya, imefungwa kwenye ekseli ya baiskeli ili izunguke. Fremu ingetembea juu ya bomba, chini ya maji, mpaka kwenye chujio. Mtu angekaa ufukoni na kuiendesha kwa kamba tatu. Ya kwanza ilipita kwenye kapi lililofungwa kwenye nguzo ng’ambo ya mdomo wa bomba, ikalivuta gari mbele. Ya pili ililirudisha. Ya tatu ilizungusha burashi. Juu, kibuyu chekundu kikielea kwa uzi mrefu kingeonyesha gari limefika wapi.

“Mzamiaji atabaki nchi kavu,” alisema. “Mzee Theonest masikio yake yanaoza. Nimeyaona mwenyewe.”

Wajumbe wote wakageuka kuyatazama masikio ya Theonest.

“Wewe ulisomea injini au masikio?” aliuliza Theonest.

Watu walicheka, lakini mwenyekiti, Ndassa, Msukuma mnene aliyependa kila kitu kipya, hakucheka. “Ndugu wajumbe, hili ni gari,” alisema. “Gari la chini ya maji. Wilaya nzima nani analo?”

“Lina honi?” mtu akauliza.

“Mzee,” Celestini alimgeukia Theonest, “mchoro wa mafundi waliolaza bomba unaonyesha limenyooka kutoka ufukoni hadi mdomoni. Kuna kitu huko chini nisichokijua?”

Kilikuwapo. Kwenye kiungo cha nne bomba linapinda kushoto kukwepa mwamba. Mafundi waliolilaza walikuta mwamba huo siku ya mwisho, wakaukwepa, na hawakurudi kurekebisha mchoro. Mtu mmoja tu duniani alikuwa amewahi kuupapasa mpindo ule.

“Kama mchoro umesema,” alijibu Theonest, “basi mchoro umesoma kuliko mimi.”

Gari lilichomelewa kwenye karakana ya misheni na kuletwa juu ya mkokoteni. Watoto walilikimbilia. Theonest alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Jioni hiyo alimweleza Zita kwamba magurudumu yamekaa vibaya, kwamba burashi ni ndogo, kwamba kijana ana vidole vyembamba vya karani.

“Unavionea wivu vyuma,” alisema Zita.

“Wivu wa nini?”

“Wa ndoo ya maji mekundu. Mwanamume mzima.”

Sikio la upande wa pili nalo lilikuwa limeanza kumuuma, na hilo hakulisema.

Siku ya majaribio, mwezi Septemba, chujio lilikuwa limeziba tayari. Celestini alivuta kamba ya kwanza, na vijana wawili wakashika zile nyingine. Kibuyu chekundu kilisafiri juu ya maji taratibu, kama kinaogelea chenyewe, na watu ufukoni wakapiga vigelegele. Karibu nusu ya njia kikasimama. Celestini akavuta. Kamba ikakaza mpaka ikatoa maji kama nguo inayokamuliwa. Kibuyu hakikusogea mbele, hakikurudi nyuma.

Theonest alikuwa amesimama nyuma ya kibanda cha injini. Anakiri leo, bila kuombwa, kwamba ile ilikuwa mojawapo ya dakika tamu za maisha yake.

Alitarajia kuombwa palepale. Hakuombwa. Celestini aliamini angelitoa gari mwenyewe, akavuta siku hiyo na kesho yake, akiwa na vijana sita. Siku ya tatu mwenyekiti alimtuma mtu kwa Theonest.

“Mwambieni mwenyekiti sikio linauma,” alijibu. “Si fundi alisema linaoza? Mtu mwenye masikio mabovu atazamaje?”

Siku zote hizo bomba la kijiji lilikuwa kavu na akina mama walishuka ziwani kuteka. Walikuwa wamesahau kazi hiyo. Miaka miwili ya bomba inatosha kumsahaulisha mtu namna ya kuinama ukingoni na jicho moja likitazama majani. Asubuhi ya nne Deodata aliinama na ndoo yake, ile ile ya bati iliyokuwa ikibeba maji ya kwanza, na mamba akatoka kwenye mafunjo. Alidaka ndoo. Deodata aliishikilia kwenye mpini kwa kitambo cha kuvuta pumzi moja, kwa sababu ilikuwa ndoo yake, kisha akaiachia. Mamba akaondoka nayo. Bati lilisikika likipondwa.

Zita alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Alirudi nyumbani bila maji, akakaa kwenye kizingiti, akamtazama mumewe.

“Gari limekwama wapi?” aliuliza.

“Nitajuaje?”

“Theonest. Limekwama wapi?”

“Kwenye kona.”

“Kona gani? Celestini anasema bomba limenyooka.”

Zita alivua kanga iliyolowa matope, akaikung’uta karibu na uso wa mumewe. “Zamia,” alisema. “Zamia sasa hivi, la sivyo natoka na kuwaambia wote, nikianza na Deodata.”

Alizamia. Vijana walipiga maji kwa makasia kwa hofu kuliko siku zote. Alishuka mara tisa: mara tano kulikwamua gari kwenye mwamba, mara nne kusafisha chujio. Mara ya nane alisikia kitu kikipasuka ndani ya kichwa, kidogo, kama yai, na maji ya baridi yakaingia mahali ambapo hayakuwahi kufika. Tangu hapo sikio la kushoto halijasikia kitu.

Maji yalitoka. Deodata aliazima ndoo ya zahanati, akakinga, akapita nayo katikati ya kijiji. Mlangoni kwa Theonest aliitua chini kwa nguvu.

“Haya. Maji yako.”

Kwa desturi alikuwa akikaa kidogo, akaulizwa habari, akapewa ndizi. Siku hiyo alikwishageuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Alikuwa tu ameanza kuhesabu mwenyewe siku ambazo Theonest alikataa kuzamia.

Celestini naye hakuuliza. Alilipindua gari nje ya kibanda na kulikagua, akaona mikwaruzo ipo upande mmoja tu wa fremu na kwenye magurudumu ya upande huo huo. Alikaa nayo hadi jua likazama. Kesho yake aliikata fremu katikati kwa msumeno, akaziunganisha nusu mbili kwa bawaba za mlango wa ofisi ya zamani. Gari sasa liliweza kupinda kiuno.

Mwezi Oktoba lilikwenda na kurudi. Kibuyu kilichelewa kidogo kwenye kona, kikayumba, kikaendelea. Chujio likasafishwa bila mtu kulowa kifundo. Deodata alikinga ndoo ya kwanza, akapandisha njia, akafika mlangoni kwa Theonest, akapita. Aliipeleka hatua sitini mbele, kwa Clotilda.

Theonest aliiona kupitia ua wake wa minyaa. Mwezi uliofuata hakuiona vizuri, kwa hiyo aliupunguza ua. Kila gari liliposhuka ziwani alikuwa na panga mkononi, anakata matawi upande wa njia, na ndoo ilipopita alisimamisha panga.

“Ua huo utaisha uwe uwanja,” alisema Zita.

“Umekuwa mrefu.”

“Unafika kwenye goti.”

Kamati ilimshukuru kwa utumishi wake na kumrudisha kwenye shamba la kijiji, mahindi na maharage, siku tatu kwa wiki kama kila mtu. Huko alilima karibu na Clotilda. Clotilda, mwanamke mpole asiyejua ubaya wa maneno yake, alimwambia kwamba yale maji mekundu yanasaidia sana kuloweka matope ya kukandikia ukuta, na kwamba Mungu ambariki aliyeanzisha desturi. Theonest alilima mstari wake mpaka mwisho bila kunyanyua kichwa, kisha akaingia kwenye mstari wa mtu mwingine.

Vita vilipoanza, mwishoni mwa mwaka 1978, Rukindo haikuona risasi. Iliona malori usiku na mchana yakielekea kaskazini, na iliona dizeli ikipungua. Injini iliruhusiwa kuwashwa kwa saa mbili, mara tatu kwa wiki. Vijana wa mgambo walichukuliwa, wakiwemo wapiga makasia wote wawili. Mwezi Novemba Celestini naye aliitwa, kwa kuwa jeshi lilihitaji mafundi.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kwa Theonest akiwa amebeba kamba tatu mabegani. Alikuwa amezipaka rangi miishoni.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba.”

“Nyeupe inapeleka mbele, nyeusi inarudisha, nyekundu inazungusha burashi. Nipe saa moja nikuonyeshe. Hakuna mwingine anayejua huko chini.”

“Safari njema,” alisema Theonest. “Mashine ni yako.”

Celestini alisimama kidogo. Kisha akaziweka kamba juu ya ule ua uliobaki na kuondoka. Zita alitoka na mahindi ya kuchoma ya njiani akakuta njia tupu.

Baada ya wiki mbili chujio likaziba. Kuzamia hakukuwezekana: hakukuwa na mtu wa kuyapiga maji, na tangu ile ndoo kuliwa hakuna mwanamke aliyekubali mumewe apande mtumbwi. Mwenyekiti Ndassa alikuja mwenyewe, akiwa na fimbo na bila utani. Zahanati ilikuwa na familia kumi na mbili zilizokimbia kutoka kaskazini. Alieleza hayo na akaondoka bila kusubiri jibu.

Theonest alishuka ziwani na kamba. Alivuta nyeusi akidhani ni ya mbele. Alivuta nyekundu, na burashi ikazunguka hewani ufukoni ikamrushia tope usoni. Foleni ya akina mama ilicheka mpaka ikakaa chini. “Mzee, gari linataka funguo!” mmoja alipiga kelele, na hilo akalisikia. Celestini alikuwa na vijana wawili wa kumsaidia. Yeye alikuwa peke yake, na kamba ni tatu, mikono ni miwili.

Siku ya tatu ya kuhangaika alishika nyeupe mkono wa kulia, nyekundu mkono wa kushoto, na ile nyeusi, ili isilegee, akaiuma kwa meno.

Gari likashuka. Na Theonest akasikia.

Alisikia ndani ya taya, si sikioni. Magurudumu yalipita juu ya kiungo cha kwanza na kamba ikaleta mdundo mdogo mpaka kwenye fuvu: tk. Kisha cha pili. Alivijua. Kiungo cha pili kina nati iliyozidi, alikuwa amewahi kukatwa nayo kidole, na sasa ile nati ilikuja kwenye meno yake. Cha tatu. Cha nne, na mwamba, na yeye akalegeza mkono wa kulia na kuuvuta tena upande, kama alivyokuwa akigeuza mwili wake pale chini. Gari likapinda. Cha tano, cha sita, cha saba, halafu mdundo mpana wa chujio lenyewe. Alizungusha burashi na kuyasikia magamba ya konokono yakivunjika. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akiishi kama mtu aliyefunikwa blanketi kichwani. Sasa ziwa zima lilikuwa likizungumza naye mdomoni.

Ndoo ya kwanza ilirudi kwake. Deodata aliileta, na safari hii alikaa, akala ndizi. Theonest hakujifanya anashona chochote.

Alilifanya gari kuwa lake. Kibuyu chekundu kilimchosha kwa uzi uliojisokota kwenye upepo, na hakukihitaji, kwa hiyo alikiondoa na Zita akakitumia kwa mbegu. Mvua za Aprili 1979 ziliangusha ile nguzo ng’ambo ya mdomo wa bomba. Alipigilia nyingine kutoka mtumbwini, akiwa amefungwa kamba, mwenyekiti mwenyewe akipiga maji, lakini tope la mahali pa zamani lilikuwa limelegea, kwa hiyo akaisogeza mbali zaidi. Kuanzia siku hiyo gari halikuzuiwa tena na nguzo mwishoni. Ukivuta hata hatua mbili kupita chujio, linaanguka kwenye tope na kung’oa chujio pamoja nalo. Theonest hakuona tatizo. Yeye alijua pa kusimama.

Mara moja ilikuja barua ya Celestini kwa mama yake. Katekista aliisoma mbele ya watu baada ya sala. Alikuwa mzima, alikuwa akitengeneza malori, na aliuliza: gari linaendeleaje, na Mzee anakionaje kibuyu? Theonest alitoka nje kabla ya mwisho. Mtu yupo vitani, alimwambia Zita, na bado anataka kushika kamba zangu.

“Zako?” alisema Zita.

Celestini alirudi Septemba 1979, amekonda, na kovu la moto kwenye kiwiko. Clotilda alichinja mbuzi. Kijiji kikaona hakuna mapokezi yanayofaa kuliko kumwacha aliendeshe gari lake, na chujio kwa bahati lilikuwa limeziba. Mwenyekiti alilitangaza hilo bila kumwuliza Theonest. Kwa kweli hakuna aliyefikiri kuna la kuuliza.

Asubuhi hiyo ufuko ulijaa. Theonest alikaa kwenye jiwe pembeni, jembe kati ya magoti. Celestini alikuja kumwamkia, akatazama maji.

“Kibuyu kiko wapi, Mzee?”

“Kina mbegu.”

“Basi nitalionaje?”

Theonest aliinua mabega. Celestini alingoja kidogo zaidi, kama alivyongoja mara mbili nyingine, mbele ya kamati na mbele ya ua. “Kuna kitu kingine huko chini nisichokijua?”

“Endesha,” alisema Theonest. “Si lako?”

Celestini aliwapa vijana kamba mbili, akashika nyeupe. Alivuta vizuri, hilo Theonest analikubali. Kwenye kona alilegeza mwenyewe, kwa kukumbuka. Theonest hakuwa na kamba mdomoni, lakini alitazama kamba iliyokuwa ikirundikana miguuni pa kijana na kuhesabu. Kiungo cha tano. Cha sita. Nyuma yake Deodata alikuwa amesimama na ndoo mpya, ameielekeza mdomo juu, na Theonest aliona kwamba hata mwili wake ulikuwa umegeukia njia ya kwa Clotilda. Cha saba. Rundo lilikuwa limefika pale linapofika kila siku yeye anaposimama. Celestini aliongeza mkono mbele kuvuta tena.

Hatua mbili. Gari lingeanguka, chujio lingeng’oka, na jina la mtu aliyeling’oa lingekuwa Bulugu. Hakuna mtu ambaye angemuuliza Niragira kitu. Hakuwa ameshika hata uzi.

“Alikuwa na uso wa mtu anayekula,” anasema Zita, aliyekuwa akimtazama yeye badala ya ziwa.

Kisha jembe likaanguka, na Theonest alikuwa ameidaka ile kamba nyeupe kwa mikono yote miwili.

“Simama!” alipiga kelele, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. “Umefika! Ukivuta tena unaua bomba. Nguzo nimeihamisha.”

Celestini aliitazama kamba, akamtazama yeye. “Umejuaje limefika?”

Theonest alimnyang’anya kijana mmoja kamba nyeusi na kumsogezea Celestini mdomoni. “Uma.”

“Nini?”

“Uma, nimesema. Usiitafune, si nyama ya mbuzi wenu. Uma, halafu mwambie yule azungushe burashi.”

Foleni ikaangua kicheko. Celestini aliuma kamba. Burashi ikazunguka chini ya ziwa, mita hamsini mbali, na uso wake ukabadilika taratibu. Hakusema kitu kwa muda mrefu, maana hakuweza, mdomo ulikuwa na kamba. Alipoitoa alisema, “Na ile kona? Siku ile kwenye kamati, ulikuwa unaijua?”

“Nilikuwa naijua.”

Deodata alikuwa karibu vya kutosha kusikia. Alimtazama Theonest, akatazama ndoo.

Injini iliwashwa. Maji mekundu yalitoka, na Deodata akakinga. Alipandisha njia, akafika kwa Theonest, akapita. Mikono iliyoshika kamba ilikuwa ya Celestini, na desturi haina kipengele cha aliyepiga kelele. Theonest aliisindikiza ndoo kwa macho hatua zote sitini. Ua haukuwapo tena wa kumzuia.

Alipoulizwa mwaka huu kwa nini hakunyamaza, alifikiri, akiramba meno yake mabovu. “Chujio lingeng’oka,” alisema. “Kungekuwa hakuna ndoo. Sasa mimi ningegombea nini?”

Siku hizi wanapokezana. Wiki tatu gari ni la Bulugu, wiki tatu ni la Niragira, na wote wawili huuma kamba. Celestini ameanza kulika jino moja. Ndoo hufuata zamu, na Deodata huapa kwamba hujaza zote mpaka kwenye alama ile ile. Theonest hakubali. Ya kwa Clotilda, anasema, hupita na maji yanamwagika pembeni kwa kujaa, na hilo halihitaji masikio.

Zita amepanda minyaa mipya upande wa njia. Imefika kwenye goti. Kila wiki ya zamu ya Celestini anakuta ncha zake zimekatwa.